Kadi Kubwa ya Fundi Msasa

Fundi Msasa alikuwa na sababu ya kila bao alilofungwa. Mara kitufe cha padi ya kuchezea kimekufa, mara jua limempiga machoni kupitia dirishani, mara mkewe kapita nyuma yake na ndoo akamvurugia mawazo. Lakini sababu kuu, ile aliyoirudia kila Jumamosi alasiri mpaka majirani wakaizoea kama adhana, ilikuwa moja: kompyuta imeganda.

"Umeona? Umeona mwenyewe!" alikuwa akisema, amesimama wima, padi mkononi, uso umemwiva. "Nilikuwa nafunga mimi! Mguu umeshainuka, kipa yuko chini, mashine ikaganda!"

"Imeganda kwetu sote, shemeji," alijibu yule aliyeketi kando yake, akinyoosha mikunjo ya suruali. "Ilipoganduka mpira ulikuwa kwangu. Nifanyeje, nikurudishie?"

Msasa alikuwa seremala wa vitanda, mwenye karakana yake nyuma ya ghala la saruji. Jina hilo la msasa alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakujua kuacha. Kitu kimeshalainika, yeye bado anasugua tu, kiwe ubao au kiwe ubishi. Huyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa karani wa ofisi ya maji, mtu wa kuchomekea shati hata siku ya mapumziko, mwenye upole ule unaoudhi wa mtu anayeshinda kila mara. Na mkewe mwenyewe alifundisha chekechea. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo, na alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji kupanda ili watu watulie. Watoto wao walishakuwa wakubwa wakaenda zao, na chumba walichokiacha ndicho kilichogeuzwa uwanja wa mpira.

Sasa hiyo kompyuta. Msasa aliipata kwa ofisi moja iliyokuwa inahama, baada ya kuwatengenezea rafu. Ilikuwa mashine ya kuandikia barua, na kuichezeshea mpira ilikuwa ni kuionea tu. Wachezaji walionekana kama vivuli vilivyovalishwa jezi. Majani ya uwanja yalikuwa kama zulia la kijani lililofuliwa na dawa kali. Na kila palipotokea msongamano langoni, picha ilisimama, feni ikaanza kuhema kama mgonjwa wa pumu, halafu mambo yakaendelea yakiwa yameshaharibika.

Jumamosi moja, baada ya kufungwa mabao ambayo hata Shemeji aliona haya kuyahesabu, Msasa aliongea peke yake kuanzia sebuleni mpaka jikoni na kurudi. Mwalimu alikuwa anakata karatasi za rangi kwa ajili ya watoto wake wa darasani. Akaweka mkasi chini.

"Fundi," akamwambia, "ama uitengeneze hiyo mashine, ama uache kulia. Vyote viwili siviwezi."

Ikawa ruhusa. Msasa alikuwa amelipwa vitanda vya bweni, na Mwalimu akamtengea sehemu ya fedha hizo kwenye bahasha, akaikunja, akamtilia mfukoni mwa shati kama anavyowatilia watoto leso. "Hizi tu. Zikiisha, zimeisha."

Karakanani kila mtu alikuwa daktari wa kompyuta. Fundi makochi wa mlango wa pili alisema ni ramu, aongeze ramu tu mashine itapaa. Mchomelea vyuma alisema ni joto, atafute feni ya mezani aielekeze pale nyuma. Yule mpaka rangi alisema yeye kompyuta hazijui, lakini kwa maoni yake kitu kikiganda hupigwa kofi. Msasa aliwasikiliza wote, akavua aproni, akaenda dukani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoamka.

Duka lilikuwa chumba chembamba chenye nyaya zinazoning'inia mpaka mtu anainama kuingia. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na wateja walimwita Dada Bisibisi kwa sababu bisibisi yake ilikaa nyuma ya sikio muda wote. Msasa, ambaye penseli yake hukaa hapohapo, alimpenda palepale.

"Karibu, kaka. Tatizo nini?"

"Nafungwa."

"Unafungwa?"

"Mabao. Kompyuta inaganda."

Dada Bisibisi alibadilisha miwani, ya kichwani ikashuka, ya machoni ikapanda. "Mashine yako ni ya aina gani?"

"Nyeusi."

"Ndani ina nini? Prosesa gani, ramu kiasi gani?"

"Ndani sijaingia."

Mwanamke huyo alikuwa na subira. Alivuta mashine ya mteja mwingine iliyokuwa wazi mezani, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. Hii ndogo chini ya feni ndiyo prosesa, ndiyo inayofikiri. Hii nyembamba kama rula ndiyo ramu, ichukulie kama meza ya kazi: ikiwa ndogo, ukiweka kifaa hiki kile kinaanguka. Hili boksi la pembeni ni pawa saplai, linagawa umeme kwa wote. Na hii ndiyo kadi ya picha, inachora kila kitu unachokiona kwenye skrini. "Vyote vimekaa juu ya huu ubao mkuu."

Msasa akasogea. "Wa mti gani?"

"Si mti, kaka. Ni plastiki na shaba."

"Sasa kwa nini uitwe ubao?"

Dada Bisibisi aliliacha lipite. Aliuliza bajeti, Msasa akatoa bahasha, naye akaichungulia kwa adabu, bila kuguna. "Inatosha, ila tuigawe vizuri. Nakupa kadi ndogo, imetumika lakini safi. Nakuongezea ramu. Na pawa saplai mpya, maana hizo za mashine za ofisini ni dhaifu. Vyote vya wastani, lakini mchezo wako utakwenda bila kukwama."

Vya wastani! Neno hilo lilimkaa Msasa kooni kama mfupa wa samaki. Mtu anayefungwa kila wiki na karani aliyechomekea hatafuti vya wastani. Na macho yake yalikuwa yameshaenda kwenye kabati la vioo, juu kabisa, ambako palilala kadi moja kubwa, nyeusi, ndefu kama matofali mawili, yenye feni zilizopangana kama macho ya bundi.

"Na ile?"

"Ile ni kubwa mno kwako."

Hapo ndipo Dada Bisibisi alipoharibu biashara. Msasa aliomba aishike. Akaipima uzito mkononi, na moyo ukamwambia ndiyo hii, kwa sababu maisha yake yote alijua mbao nzuri ni nzito na mbao za ovyo ni nyepesi. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Usigonge, kaka."

"Ngumu," akasema Msasa, ameridhika.

"Ngumu, lakini itakula fedha yote. Ya pawa saplai haitabaki. Halafu ni ndefu. Umepima nafasi ndani ya kasha lako?"

Na mtu huyu, ambaye hajawahi kukata hata fito bila kuipima, ambaye aliwahi kumfukuza kibarua kwa kukadiria kwa jicho, akajibu bila kupepesa: "Itaingia."

"Na umeme ukipungua?"

"Si nitaona?"

"Hutaona. Itazima tu."

"Nipe hiyohiyo."

Dada Bisibisi akaifunga kwenye boksi lake, taratibu, kama mtu anayefunga kitu anachojua kitarudi. "Usiikwaruze. Na boksi usilitupe. Ukibadili mawazo mwezi huu, naipokea."

"Sirudi mimi," alisema Msasa.

"Sawa, kaka."

Nyumbani walifungua kasha la kompyuta mezani, Mwalimu akishika tochi. Ndani walikuta vumbi la ofisi lililoshikana kama sufi, kibanio cha karatasi, na mende aliyekufa siku nyingi, miguu juu, kama aliyechoka kusubiri faili lake. Wakafagia. Msasa akaitoa kadi, akaishusha mahali pake. Ikagoma.

"Igeuze kidogo," akasema Mwalimu.

Akaigeuza.

"Ilaze upande. Kama tulivyoingiza kochi."

Akailaza. Kochi liliingia kwa sababu mlango ulikuwa na huruma. Hapa palikuwa na kibati cha ndani kilichoziba njia, na kadi ilizidi kwa urefu wa kidole. Msasa akatoka, akarudi na msumeno wa chuma.

"Umechomoa umeme?"

"Nimechomoa."

"Nionyeshe waya."

Akamwonyesha, kwa sababu kwa Mwalimu neno halitoshi. Kisha akakata kibati. Kadi ikaingia, lakini sasa mfuniko wa kasha haukufunga, ukabaki umebenuka kama sanduku la msafiri asiyejua kupanga nguo. Msasa alirudi nyuma hatua moja akalitazama lile kasha, na kwa mara ya kwanza alilitazama kwa jicho la fundi. Akaona bati jembamba, kona zisizokaa sawa, skrubu za mkopo.

"Kazi gani hii?" alisema kwa dharau ya kweli. "Nani kaitengeneza? Nitaijengea ya mbao."

Na akaijengea. Kazi ya vitanda vya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ilisimama. Mama yule akipiga simu, Msasa alimwambia vinakauka, na kweli vilikuwa vinakauka, ila bado ni magogo. Yeye alikuwa ameinamia sanduku la mbao ngumu nyekundu, kona zimeumana bila msumari, mlango wa bawaba za shaba, miguu iliyochongwa kama ya kiti cha mkuu wa wilaya, na chini yake droo ndogo ya kuwekea padi. Alisugua, akasugua, hadi yule mpaka rangi akaja kuomba ajitazame humo kama kwenye kioo.

"Ni nzuri," alisema Mwalimu lilipoingizwa nyumbani. "Ila utadhani kabati la vikombe."

Wakaihamishia kompyuta ndani yake, wakaiwasha. Feni zikazunguka, kadi ikatoa mwanga wa buluu kupitia upenyo wa mlango, na wote wawili wakasema "aaa" kwa pamoja. Uwanja ukatokea, watu wamejaa majukwaani. Mwamuzi akapeleka filimbi mdomoni. Pu! Giza.

Wakawasha tena. Mwamuzi, filimbi, pu! Wakajaribu tena na tena, na kila mara mwamuzi akipeleka mkono mdomoni Msasa alifumba macho.

"Angalau haigandi," alisema Mwalimu. "Sasa inazimia kabisa."

Msasa akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti. Alijua tatizo. Aliambiwa tatizo kwa jina lake: umeme hautoshi. Lakini kurudi kwa yule mwanamke na boksi kwapani, baada ya kusema sirudi mimi, kulimuuma kuliko mabao yote ya Shemeji.

Mwalimu akaketi karibu naye. "Umekosea?"

"Nimekosea."

"Mtu akikosea anafanyaje?"

"Mwalimu, mimi si mtoto wa chekechea."

"Nimeuliza tu."

"Anarekebisha," akasema Msasa, akitazama sakafu.

"Vizuri sana. Vaa viatu."

Dada Bisibisi hakusema nilikuambia. Alipokea boksi, akabadilisha miwani, akaikagua kadi pande zote. Msasa, bila kuulizwa, akaanza kumtajia urefu, upana na kina cha kila kitu kilichokuwa ndani ya chumba, ikiwa ni pamoja na meza na umbali wake kutoka ukutani. Mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akampangia mezani vilevile vya mwanzo: kadi ndogo, ramu, pawa saplai. Vya wastani. Safari hii neno lilipita.

Kwa kujifariji kidogo Msasa akatoa simu, akamwonyesha picha ya kasha lake la mbao. Dada Bisibisi aliitazama kwa muda mrefu.

"Kaka, kazi nzuri mno. Hewa inapita wapi?"

"Hewa?"

"Vitu hivi vinachemka. Vinataka kupumua. Hapa umeitengenezea jeneza."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniambia unajenga kabati."

Basi akarudi, akatoboa. Na kwa kuwa hakuweza kutoboa tundu la ovyo, alitoboa kwa mpango, ubavuni na mgongoni, matundu yakakaa kama maua yaliyofunguka. Akaunganisha vile vitu vya wastani, kimoja kimoja, kwa mkono mwepesi. Akawasha. Mwamuzi akapeleka filimbi mdomoni, na Msasa akafumba macho, na filimbi ikalia.

Hakucheza. Aliogopa kuichosha kabla ya Jumamosi. Isitoshe mama wa nyumba ya wageni sasa alikuwa anakuja karakanani mwenyewe, anakaa juu ya gogo mojawapo la vitanda vyake na kuuliza kama limekauka. Kwa hiyo Msasa alihamia kazini, na Mwalimu akajitolea kubaki na mashine jioni akitoka shule.

"Nitaiangalia kama inazima," alisema.

Msasa alishukuru sana. Kila akirudi alikuta kabati lina joto na mkewe amekaa wima mbele yake, macho mekundu kidogo.

"Vipi, imezima?"

"Haijazima."

"Imeganda?"

"Hata kidogo. Kesho nitaiangalia tena."

Jumamosi ikafika, Shemeji naye akafika, shati limechomekewa. Alilizunguka kabati. "Mmeanza kukusanya vikombe?" Msasa alifungua droo, akamkabidhi padi kama mtu anayekabidhi silaha kwa adui muungwana.

Mchezo ukaanza, na jambo la kwanza alilofanya Msasa ni kupiga kelele. "Wana nyuso!"

"Nani?"

"Wachezaji! Muone huyu kipa, ana ndevu! Miaka yote hii nilikuwa nacheza na watu wenye nyuso!" Na alipokuwa bado anamtazama kipa wake mwenye ndevu, Shemeji akamfunga. Akamfunga tena wakati anashangaa kivuli cha nguzo ya goli kilivyolala kwenye majani. Baada ya hapo Msasa alikaza meno, akacheza kwa nguvu zake zote. Langoni palitokea msongamano, ule uleule wa kugandisha, na mashine ikapita katikati yake laini kama randa kwenye mbao mbichi. Msasa akapiga. Mpira ukaenda juu, juu kabisa, kwa mashabiki. Mwisho wa mchezo alikuwa amefungwa kama kawaida, ila safari hii kwa picha safi.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Shemeji akasubiri sababu, hata jibu lake lilikuwa tayari.

"Umenifunga," akasema Msasa.

Shemeji akamgeukia. "Haikuganda?"

"Haikuganda."

"Jua je? Labda jua..."

"Pazia nimelifunga mwenyewe."

"Padi hizi nazo, shemeji, kitufe kile cha..."

"Padi nzima. Umenifunga tu, bwana. Mimi mpira huu siujui." Alisema hivyo, akashangaa kwamba hakuumia. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gogo begani, na cha ajabu ni kwamba Shemeji ndiye aliyeonekana amenyang'anywa kitu.

"Hebu nipisheni," alisema Mwalimu.

Wakadhani anataka kufagia. Akaketi, akachukua padi, akachagua timu bila kuuliza kitufe gani ni kipi. Mdogo wake akacheka kidogo, kwa upole wake ule. "Dada, nitakuachia bao la kwanza."

Hakupata nafasi ya kumwachia. Alifungwa kabla hajamaliza kunyoosha suruali. Akajiweka sawa, akafungwa la pili. Kila alipobanwa alikimbilia kulia, na kila alipofika kulia alimkuta beki wa Mwalimu amesimama, anamsubiri kama mama kwenye lango la shule.

"Umejuaje?" akauliza, jasho likimtoka.

"Wewe tangu mdogo ukibanwa unakimbilia kulia. Tukicheza kujificha, kulia. Ukivunja kitu, kulia. Siku ya ile chupa ya chai ya mama, nilikukuta wapi?"

"Chupa ile hukuivunja wewe?"

"Nilichapwa mimi. Kuvunja ulivunja wewe." Bao la tatu.

Shemeji aliweka padi chini. Shati lilikuwa limechomoka upande mmoja. Alilitazama kabati, akapapasa matundu, akasema kwa sauti ya mtu mwenye haki kwamba pengine mbao zinazuia umeme usifike sawasawa kwenye padi yake. Msasa alicheka mpaka akashika ukuta.

Tangu hapo Jumamosi zilibadilika. Ndugu wale wawili walikaa mbele ya skrini wakicheza na kubishana mambo ya utotoni, nani aliiba sukari, nani alimtupia paka maji, na mara nyingi mchezo ulisimamishwa ili kesi imalizike. Msasa alikaa nyuma yao na kikombe cha chai, akitazama. Vitanda vya nyumba ya wageni vilimalizika, mama yule akakilalia kimoja palepale karakanani kuhakikisha vimekauka.

Na Jumapili asubuhi, mkewe akiwa na shughuli zake, Msasa alianza kucheza peke yake dhidi ya mashine, kwenye kile kiwango cha chini kabisa kinachowekewa wanaojifunza. Siku moja, katikati ya mchezo, anga la uwanja lilibadilika, matone yakaanza kushuka. Majani yakang'aa. Nywele za wachezaji zikalowana, na yule kipa mwenye ndevu akajipangusa uso kwa glavu. Msasa akaacha vitufe. Timu ya pili ikachukua mpira, ikaenda nao taratibu, ikamfunga, wala hakuona.

"Mwalimu!" aliita. "Mwalimu, njoo! Mvua!"

Akasikia mlango wa nyuma umefunguliwa kwa kishindo, miguu inakimbia uani, vibanio vya nguo vinadondoka. Baada ya kitambo Mwalimu aliingia chumbani anahema, amekumbatia rundo la shuka mbichi mpaka kidevuni.

"Mvua iko wapi? Nje jua linawaka!"

Msasa akaonyesha kwa kidole.

Mwalimu akaitazama skrini. Akamtazama mumewe. Akaitazama tena skrini, mahali ambapo maji yalikuwa yanachuruzika kwenye nguzo ya goli.

"Yaani nimeanua nguo kwa ajili ya hii?"

"Kaa uone," alisema Msasa, akimsogezea kiti. "Kipa amelowa mpaka ndevu."

Mwalimu alisimama kidogo, akakaza mdomo wa kukaripia. Kisha akaketi, shuka zote mapajani, akaegemea mbele.

"Huyu naye," akasema, "si angevaa kofia."